Pikapu Inyanyuliwe au Iachwe?

Mada ya leo haina chama wala dini, ila hugawanya watu vilevile. Kijana mmoja amenunua Hilux dabo kebini iliyotumika, ya toleo lililoanza 2015 ambalo mtaani huitwa Revo. Ringi ni zile zile za kiwandani, inchi 17 kwa upana wa inchi 7.5, na hataki kuzibadilisha. Anachotaka ni mambo mawili: gari linyanyuliwe inchi 2, na matairi ya 265/65 yatoke, yaingie ya 285/70. Nimewakalisha meza moja mwenye gari, fundi, dereva mstaafu wa watalii na dada anayeuza bima. Wote ni wa kubuni, lakini hoja zao utazisikia katika gereji yoyote ya Arusha ikifika saa ya chai. Nami nimejipa haki ya kudakia.

MWENYE GARI: Shikamoo Mzee. Fundi, za kazi? Mimi sina maneno mengi. Nabeba vitunguu kutoka Mang'ola. Masika ikianza, malori yanachimba mifereji miwili kwenye zile njia za mashambani, katikati unabaki mgongo wa udongo. Ukipita na gari la kawaida, difu ya nyuma inaulima ule mgongo mpaka gari linakalia tumbo na magurudumu yanazunguka bure. Dawa yake ni kunyanyua. Kila mtu anajua.

DEREVA: Marahaba, mwanangu.

FUNDI: Salama, bosi. Nikuulize kidogo tu. Difu ya nyuma iko wapi?

MWENYE GARI: Kwenye ekseli.

FUNDI: Na ekseli imebebwa na nini?

MWENYE GARI: Magurudumu.

FUNDI: Haya. Nikikuongezea jani kwenye springi za nyuma, au nikikufungia pingu ndefu, nanyanyua chesisi, bodi na magunia yako. Ekseli inabaki palepale. Difu haipandi hata milimita moja. Utakuwa umelipa hela ili vitunguu vikae juu.

MWENYE GARI: Lakini mbele inapanda.

FUNDI: Mbele ni kweli. Mbele Hilux haina ekseli nzima. Difu imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo chesisi ikipanda nayo inapanda. Bampa haligongi upesi ukiingia korongoni, na katikati ya gari panapata nafasi. Hayo sikukatalii. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kunyanyua kunaiokoa difu ya nyuma. Ile inaokolewa na tairi peke yake.

Nadakia, maana hapa namba zinasema vizuri kuliko sisi. Tairi la 265/65R17 lina upana wa milimita 265, na ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani 172. Jumlisha kuta mbili na ringi ya inchi 17, unapata kipenyo cha milimita 776 hivi. La 285/70R17 linafika 831. Tofauti ni milimita 55, lakini nusu yake tu ndiyo inayokaa chini ya ekseli, kwa hiyo difu inapanda milimita 27. Haijafika vidole viwili. Kati ya hayo mawili kuna 265/70R17, ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kuligeukia: kipenyo 803, difu inapanda 13.

MWENYE GARI: Sasa si umejijibu, Fundi? Difu inaokolewa na tairi, mimi nataka tairi kubwa, na tairi kubwa haliingii mpaka gari linyanyuliwe.

FUNDI: Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Gari likiwa limesimama gereji, limepandishwa inchi 2, unaingiza ngumi kati ya tairi na madigadi, unapiga picha, unafurahi. Lakini tairi halisugui likiwa limesimama. Linasugua gari likiwa na mzigo, limeingia shimoni, springi imejikunja mpaka mwisho. Mwisho wenyewe ni wapi? Ni ile raba ya kuzuia, inayokaa pale ili chuma kisigonge chuma. Nikikuwekea spesa juu ya shokapu, au springi ndefu, ile raba sijaigusa. Gurudumu litapanda hadi palepale lilipokuwa likifika tangu kiwandani. Tairi la 776 lilipimiwa nafasi yake pale. La 831 linakwenda kula plastiki ya ndani ya madigadi.

MWENYE GARI: Kwa hiyo wote waliofunga 285 ni waongo?

FUNDI: Si waongo, wamekata tu, halafu hawasemi. Wengine wamekata plastiki, wengine wameipasha moto wakaisukuma ndani, wengine wamepiga nyundo ukingo wa chuma nyuma ya tairi la mbele, pale kebini inapofungwa kwenye chesisi. Hapo ndipo penye ugomvi mkubwa. Ukikunja usukani mpaka mwisho huku gurudumu limepanda, bega la tairi linafika pale.

MWENYE GARI: Naweka spesa za kuitoa ringi nje.

FUNDI: Ukifanya hivyo unahamisha ugonjwa. Tairi lako jipya limeongezeka upana milimita 20. Ukibaki na ringi za kiwandani, 10 zinaingia ndani kuelekea amu ya juu, 10 zinatoka nje. Ukilisukuma nje kwa spesa, ndani unapata nafuu. Lakini tairi lililo nje, likikunjwa, linachora duara kubwa zaidi, kwa hiyo linaifuata ile kona ya kebini na bampa kwa nguvu zaidi. Na beringi zako zinabeba mzigo kwa mbali. Kama moyo wako uko kwenye 285, baki na ringi zako. Upana wa 7.5 watengenezaji wa matairi wanaukubali kwa 285/70, ingawa ndio mwembamba kuliko wote wanaouruhusu.

Hapa namuunga mkono fundi bila masharti. Ringi za kiwandani zinadharauliwa bure. Tundu lake la katikati, milimita 106, linakalia habu sawasawa, na ofseti yake ndiyo iliyotumika kupima usukani, breki na beringi. Za dukani mara nyingi tundu lake ni pana kuliko habu, kwa hiyo hushikiliwa na nati tu. Mtu akikuambia huwezi kufunga tairi kubwa bila kununua na ringi kwake, jua anauza ringi.

DEREVA: Mimi nimewasikiliza mkiongea vyuma tu. Land Cruiser zetu za safari zilivaa 7.50R16. Matairi membamba, marefu, kipenyo kinakaribia milimita 805. Yalinganishe na lile la katikati alilolitaja mwandishi. Magari yale yamekwenda Natron na kurudi, yamevuka Simanjiro, yakiwa na watalii, hema na jiko. Kilichotutoa kwenye mchanga ni kupunguza upepo. Unatoka 35 unakwenda 20, hata 18, tairi linajilaza, linakanyaga sehemu ndefu. Ukirudi kwenye lami unajaza, usije ukakimbia na tairi laini likachemka. Siku hizi namkuta kijana ana matairi ya mamilioni na hana kipima upepo cha kuweka mfukoni.

MWENYE GARI: Mzee, kwa heshima zote, mchanga wa Natron si udongo mweusi wa mbugani.

DEREVA: Hapo nakupa. Udongo mweusi ukilowa unajaza meno ya tairi lolote, liwe la matope au la lami, linabaki kipara. Pana linaelea na kuserereka. Jembamba linakata kwenda chini kutafuta penye ugumu, na pasipokuwepo linazama. Huko wa kukusaidia ni jembe na subira.

MWENYE GARI: Na ile Hilux iliyosafiri kuelekea ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 2007, mbona ilivaa matairi ya inchi 38? Wale walikuwa wajinga?

FUNDI: Wale ni Arctic Trucks wa Iceland, na nawaheshimu. Ila usiseme walivaa matairi, kana kwamba ni viatu. Ukienda kwao ukataka 38, wanakata madigadi kwa msumeno, wanajenga mapya mapana, wanabadilisha gia za difu. Tairi ni kazi ya mwisho. Huku kwetu tunaanza na tairi, mengine tunamwachia Mungu.

Nikiri kwamba mwenye gari hajatendewa haki mpaka sasa, kwa sababu ana hoja moja nzuri ambayo hajaisema. Pikapu inayobeba karibu tani kila wiki huchosha springi. Majani ya nyuma hulala, mbele huinuka, taa zinamulika miti, na raba ya kuzuia inagongwa kwenye kila tuta. Ukilifungia gari hilo springi za nyuma zenye nguvu inayolingana na mzigo wake, huliinui kwa fahari. Unalirudisha lilipotakiwa kuwa. Vivyo hivyo anayefunga bampa la chuma na winchi mbele: springi za kiwandani hazikuhesabu kilo hizo. Kunyanyua kwa sababu ya mzigo kuna akili. Swali ni namna ya kunyanyua.

MWENYE GARI: Asante, Mwandishi. Basi niwekewe spesa, bei yake ni ndogo.

FUNDI: Spesa ya mbele, kile kisahani cha juu ya shokapu, kina unene wa milimita 25 na kinanyanyua gari karibu 50, kwa sababu shokapu imekamata amu ya chini sehemu ya kati, haikukamata kwenye gurudumu. Kinachopandisha mara mbili kinashusha mara mbili. Gari likirushwa na tuta, gurudumu linaning'inia chini kuliko lilivyopangiwa. Boljointi ya juu inafika mwisho wa pembe yake, sivijointi inazunguka ikiwa imekunjamana, mipira yake inasuguana mikunjo kwa mikunjo mpaka inachanika, grisi inatoka, vumbi la Mang'ola linaingia. Springi nzuri yenye shokapu ya urefu wake ina kikomo cha chini kilichopimwa. Spesa haina.

MWENYE GARI: Na alaimenti?

FUNDI: Lazima. Ukinyanyua, magurudumu ya mbele yanaegama na usukani unapoteza ile tabia ya kujirudisha wenyewe ukitoka kona. Ikizidi inchi 2, skurubu za kiwandani hazitoshi kurekebisha, unatafuta amu za juu za kununua. Lakini hayo unayasikia kwenye usukani, utakuja mwenyewe. La kuogopa ni lile usilolisikia.

MWENYE GARI: Lipi?

FUNDI: Lala chini tutazame nyuma. Unaiona ile fimbo nyembamba, imetoka kwenye ekseli ikapanda hadi kwenye kile kidude cha breki kilichofungwa kwenye chesisi? Iko kwenye pikapu nyingi za aina hii, hasa zile zisizo na mfumo wa kielektroniki wa kugawa breki. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu, fimbo imeshuka, kidude kinapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasikwame yakaserereka. Gari likibeba, chesisi inashuka, fimbo inapanda, kidude kinafungua, breki za nyuma zinafanya kazi kikamilifu. Sasa wewe umenyanyua nyuma inchi 2. Hata ukijaza magunia, kile kidude kinaona gari limebeba nusu. Breki za nyuma zinabaniwa, kazi kubwa inahamia mbele.

DEREVA: Na ukitoka Karatu na mzigo unateremka Mto wa Mbu.

FUNDI: Mzee umesema. Mteremko ule mrefu, breki za mbele zimeelemewa, tena juu ya tairi ambalo kwa urefu wake limezipunguzia breki asilimia 7 ya nguvu. Na dawa yake ni kibano kimoja tu: fimbo inarekebishwa au kidude kinashushwa kwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Kazi ya saa moja. Nimepokea magari mengi yaliyonyanyuliwa, na fimbo iko vilevile ilivyotoka Japani au Thailand.

Hilo la fimbo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mengine yote hujitangaza: tairi likisugua unasikia, mpira ukichanika unaona grisi. Breki iliyopungua haisemi kitu mpaka siku ng'ombe anapokatiza barabara.

DADA WA BIMA: Na siku hiyo mnaniita mimi. Kaka, hili gari umelikatia bima kubwa, si ndiyo? Kwenye fomu uliandika kuwa litafanyiwa mabadiliko?

MWENYE GARI: Dada, hakuna aliyeniuliza. Na gari lenyewe bado halijaguswa.

DADA WA BIMA: Mkataba wa bima unasimama juu ya mteja kusema kila jambo linaloweza kubadilisha mawazo ya kampuni, hata asipoulizwa. Gari lililopandishwa na kuvishwa matairi tofauti ni mojawapo. Sisemi utakataliwa. Mara nyingi tunaandika tu, labda mchango unaongezeka kidogo. Lakini ukikaa kimya, mkaguzi akifika kwenye ajali na futi yake, kimya chako ndicho atakachokiandika kwanza. Andika barua, ambatanisha picha na risiti ya fundi, baki na nakala yenye muhuri.

MWENYE GARI: Inchi mbili tu jamani, mnazungumza kama nimejenga ghorofa.

DADA WA BIMA: Gari hili halikuhitaji hata hizo mbili ili linyanyue magurudumu. Gazeti la magari la Uswidi, Teknikens Värld, huyapitisha magari kwenye jaribio la kukwepa kitu kilichojitokeza ghafla barabarani. Hilux ilianguka mtihani huo mwaka 2007, na mpya ikaanguka tena 2016, ikabaki juu ya magurudumu mawili. Ilikuwa ya kiwandani, bila spesa wala tairi kubwa.

Toyota wenyewe walitoa jibu ambalo mafundi wengi hawalitazami. Kwa soko la Australia walitengeneza Hilux Rogue iliyonyanyuliwa milimita 20 tu. Pamoja na hizo 20, walipanua nafasi kati ya magurudumu milimita 140 mbele na 155 nyuma, wakaweka na breki za diski nyuma. Mtaani tunachukua zile 20, tunazifanya 50, na upana hatuugusi.

DEREVA: Bado tochi ya askari wa barabarani hamjaitaja.

MWENYE GARI: Tochi inaingiaje?

DEREVA: Spidi mita inahesabu mizunguko, haijui umebadilisha tairi. Ikikuonyesha 100, wewe uko karibu 107.

FUNDI: Mzee, tuwe wakweli. Spidi mita za kiwandani husoma juu kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu kabisa isome chini ya mwendo halisi, lakini inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo hiyo 7 inaweza kumezwa humo.

DEREVA: Inaweza. Na isipomezwa, askari aliyejificha baada ya kibao cha 50 hana habari na Umoja wa Mataifa.

FUNDI: Kinachoniuma mimi ni kilomita. Ukiniambia umetembea 10,000 uje tumwage oili, umetembea 10,700. Na nguvu nazo zinapungua. Kama difu yako ni ya 3.9, kwa tairi hilo ni kama nimekufungia ya 3.64. Kwenye lami tambarare utafurahi. Ukianza kupanda mlima na tani ya vitunguu, pale ulipotumia gia ya tatu utatumia ya pili.

MWENYE GARI: Basi niseme ukweli, naona mnanizunguka. Napenda gari linavyoonekana likiwa juu. Nikilipaki sokoni nataka watu wageuke.

DEREVA: Kumbe! Ungesema mapema tungeshakunywa chai.

Mimi sababu hiyo naiamini kuliko ile ya mgongo wa udongo, tena siioni kuwa aibu. Aliyekiri kuwa anataka urembo anaweza kuwekewa kiasi: inchi moja, tairi lenye meno makubwa, rangi nyeusi kwenye ringi, imetosha. Anayejidanganya kuwa anahitaji hatoshelezwi, kila masika atakuta sababu ya inchi nyingine.

MWENYE GARI: Kwa hiyo, Fundi, ungekuwa wewe?

FUNDI: Ningenunua 265/70R17, na ningenunua matano. Hii gari ukiiweka H4 kwenye ardhi kavu, mbele na nyuma vimefungwa pamoja, hakuna difu ya katikati ya kusamehe. Ukipata pancha Mang'ola ukafunga spea ya zamani yenye kipenyo kidogo, halafu ukaingiza H4, gia zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Nimeona watu wakinunua manne, la tano wakaweka la kiwandani, eti litatumika mara moja moja. Hiyo mara moja ndiyo wanayoingia nayo matopeni. Kisha ningepima springi za nyuma na mzigo wako ukiwa juu, tuone zinalala kiasi gani. Zikilala, nabadilisha. Zisipolala, sizigusi.

MWENYE GARI: Na 285?

FUNDI: Lete uamuzi ukiwa tayari kukata, na kulipia gia za difu. Siku hiyo nitakufungia vizuri.

Uamuzi wangu ni huohuo wa fundi, na nitautetea popote. Kwa pikapu ya kazi yenye ringi za kiwandani za inchi 17, 265/70 ndilo tairi, na kunyanyua kuje baada ya mzigo kupimwa, wala kusizidi inchi 2. Ukiamua zaidi ya hapo, ni pesa yako na raha yako, ila usikabidhi hata shilingi kabla hujamwomba fundi mambo mawili. La kwanza, atoe springi moja ya mbele, afunge tairi unalolitaka, alipandishe gurudumu kwa jeki mpaka liguse raba ya kuzuia, halafu akunje usukani kulia na kushoto mpaka mwisho mbele ya macho yako. La pili, akuonyeshe ile fimbo ya breki nyuma, kama gari lako linayo, na akuambie atairekebisha vipi. Akisema hayo hayana haja, chukua ufunguo wako utafute gereji nyingine.